Siku Ile ya Nyuzi Nne

Mwanangu mpenzi,

Umeuliza swali fupi: uache ubao wa kupigia mbizi sasa, maadamu kifundo cha mkono kinavimba kila baada ya mazoezi, au uvumilie msimu mmoja zaidi? Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote mawazo yamenikimbilia siku ile ya nyuzi nne, ambayo wewe hukuitaja kabisa.

Ulikuwa na miaka 12. Ulipaa vizuri, ukajipindua kuurudia ubao, mbizi niliyoichukia tangu mwanzo, na kisogo kikagonga ncha yake, ukashonwa nyuzi nne. Mama yako alilia njia nzima. Mimi nikakaa kando ya kitanda chako nikakusimulia habari za Greg Louganis, mpiga mbizi wa Marekani. Olimpiki ya Seoul, 1988, mchujo wa ubao wa mita 3: mbizi ya 9 ikamgongesha kichwa, akashonwa, akarudi kumalizia mbizi 2 zilizobaki, kisha akachukua dhahabu. "Umeona?" nikakwambia. "Ubao hukurudishia ulichoupa."

Nyuzi zilipotolewa nilikupeleka mwenyewe bwawani, kisha kwenye lile shindano la vijana. Ukapanda ngazi. Ukaanza hatua zako, ukasita. Nilijua bei ya kusita: refa hukata alama 2 kwa kila jaji, na ukisita tena mbizi yote ni sifuri. Ukaanza upya, ukaruka. Kaka yako aliandika kwenye daftari lake: hakuna jaji aliyekupa zaidi ya 4 kati ya 10, kabla hata ya kukatwa. Nilipiga makofi hadi viganja vikawaka. Wewe ukatoka majini, ukanipita, ukaenda kuchukua taulo kwa mama yako.

Hukunitazama. Labda ulikuwa na maji machoni. Nimejiambia hivyo miaka yote hii.

Ile hadithi nilikupa nusu tu. Louganis alikwenda Seoul akijua ana virusi vya UKIMWI, amegundua miezi michache tu kabla, na damu yake ilipoingia bwawani aliingiwa na hofu ambayo hakuweza kumwambia mtu pale. Aliyasema hadharani mwaka 1995. Mimi nilikuwa nimeshayajua nilipokaa kando ya kitanda chako. Nilikikata kipande hicho kwa sababu hakikunisaidia kukupandisha ngazi. Nilitaka mtu asiyeogopa, na hakuwepo.

Lakini ngoja. Kama nisingekurudisha, ungeipata miaka hii 15? Ungejua raha ile ya kuingia majini bila kurusha hata tone, ambayo wewe mwenyewe ulisema hakuna kitu kingine duniani kinachofanana nayo? Bado nashikilia: ubao hukurudishia ulichoupa. Ila kifundo cha mkono nacho umeupa, na sijaona ukikirudisha.

Unaogopa kwamba ukiacha umeacha moja kwa moja. Fu Mingxia, mpiga mbizi wa China, alistaafu baada ya Olimpiki ya Atlanta ya 1996, akaenda chuo kikuu, akarudi, na Sydney mwaka 2000 akatwaa tena dhahabu ya mita 3. Kwa hiyo mtu anaweza… Unaona? Nimeanza tena. Mtoto ananiuliza juu ya mkono wake, mimi namletea mabingwa.

Mama yako amepita nyuma ya kiti, amesoma hadi hapa, na ameniambia nisithubutu kuandika ninavyoona. Sawa, siandiki. Nimekaa na kalamu dakika nyingi kabla ya kukubali, hilo ulijue. Kocha wako usimsikilize kuliko daktari. Hilo si uamuzi, ni ushauri wa kawaida, hata mama yako ameliruhusu.

Daftari la kaka yako liko kwangu, kwenye droo ya juu. Ukija tutalifungua. Nataka uniambie ulikuwa unawaza nini pale juu, baada ya kusita, kabla hujaanza tena. Sijawahi kukuuliza.

Baba yako