Vizibo 15

Atieno mwanangu,

Umeniuliza kama kombinatoriki, hesabu ya kupanga na kuhesabu vitu, inanunua unga, ukiacha benki ukasome uzamivu. Swali la unga nitalifikia. Kwanza nikukumbushe vile vizibo.

Ulikuwa darasa la saba, stima imepotea Migosi nzima, nikakupa fumbo la Kirkman la 1850: wasichana 15 watembee watatu watatu kwa siku 7, wala wawili wasikutane safu moja mara mbili. Ulipanga vizibo vya soda mkekani. Siku nne zikakubali, ya tano ikagoma. Otieno akavizoa akaenda kuvichezea, nawe ukaniambia fumbo lenyewe ni la uongo.

Si la uongo, ila halina akiba. Wasichana 15 wana jozi 105. Safu 5 kwa siku zinamaliza jozi 15, na 15 mara 7 ni 105 kamili. Ukijaza kwa macho siku ya pili, unaweza kuifunga ya tano bila kujua. Kuhesabu si kuorodhesha! Nimelisema hilo mpaka mmechoka kulisikia.

Wiki mbili baadaye uliniletea daftari. Kizibo cheusi kimoja, A saba, B saba, namba 0 hadi 6. Siku ya kwanza, safu kwa safu: cheusi, A0, B0; A1, A6, B2; A2, A5, B4; A3, A4, B1; B3, B5, B6. Kila siku ongeza 1 kwa kila namba, 6 irudi 0, cheusi kisisogee. Nilipitia jozi zote 105 kwa kalamu nyekundu nikitafuta kosa. Sikupata.

Huyo Kirkman, baba yake alimtoa shule akiwa na miaka 14 akamweka ofisini. Ilipita miaka 9 ndipo akaenda chuo Dublin. Baadaye akawa kasisi, hesabu akifanya pembeni. Kwa hiyo ungeweza kubaki benki ukafanya usiku... lakini ngoja. Mwaka 1847 alikwisha kuthibitisha ni kwa idadi gani za watu inawezekana mipango ya watatu watatu ambamo kila jozi hukutana mara moja tu. Mwanahisabati Steiner akaja kuuliza swali hilo 1853, na leo inaitwa mifumo ya Steiner. Linaniuma kana kwamba ni mjomba wangu. Angekuwa na wenzake chuoni, huenda wangemtetea.

Haya, unga. Usikubali nafasi isiyolipa karo na posho. Muulize msimamizi wanafunzi wake waliomaliza wako wapi sasa. Na ujue kuandika programu sawasawa: kwa watu 15 mifumo hiyo, bila kuhesabu ile inayotofautiana kwa majina ya watu tu, ni 80, na ni 4 tu inayogawanyika kwa siku 7, kwa watu 19 ni 11,084,874,829. Hiyo haipangwi mkekani.

Sikuambii uache. Wala sikuambii ubaki, ingawa baba yako amesimama hapa mlangoni anataka niandike hivyo. Daftari liko kabatini, chini ya vyeti vyenu. Ukilitaka, nitalituma na basi la Ijumaa.

Mama yako