Jodari wa baada ya magharibi asiye na barafu: usimlete nyumbani

Yakhe, simama hapo hapo. Umeuliza supu ya pweza ya kutoa baridi ya Julai inapatikana wapi, boko boko la wageni linapikwaje, halafu chini kabisa umechomeka kuwa umeshampa mtu arubuni ya jodari wa bei poa, atakuletea baada ya magharibi, "maana kipupwe samaki haharibiki". Maneno hayo nayajua. Na mimi niliuziwa hayo hayo.

Mwezi wa saba 2019, kusi linavuma, bahari chafu, samaki bei juu. Wakwe wanakuja kutoka Pemba. Nikenda dikoni (lipi sitaji, bado napita pale), nikamkuta jodari kalazwa juu ya gunia, ngozi inang'aa, jicho safi. Nikauliza barafu iko wapi. Jamaa akacheka: "Kaka, baridi yote hii ya Mungu, barafu ya nini?" Nami na ndevu zangu nikacheka naye. Kilo 6 kwa 30,000. Nilirudi nyumbani natembea kama sultani.

Mama watoto akamtia nazi, ndimu, bizari, harufu mpaka kwa jirani. Tonge la pili tu, mama mkwe akasema taratibu, "Mwanangu, pilipili manga haijazidi? Ulimi unaniwasha." Nikamjibu kwa fahari kuwa ni pilipili ya Kizimbani hiyo.

Haikuwa pilipili. Nusu saa haikufika, uso wake mwekundu kama shokishoki. Baba mkwe kashika kichwa, shemeji anajikuna mpaka shingoni, moyo wangu unakwenda mbio na sijui ni sumu au ni aibu. Daktari alipotuona tu mlangoni akauliza, "Jodari?" Hata majina hajachukua.

Ndiye aliyenifahamisha. Jodari, nguru na vibua wakikaa nje bila barafu, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama, sumu inayoleta dalili kama za aleji. Samaki anaweza kukaa mzuri wa sura na asinuke, na ikishaingia haitoki: si kwa kuchemsha, si kwa kukaanga, si kwa ndimu, wala ukimgandisha baadaye. Kinachozuia ni ubaridi wa digrii 4 kushuka chini, tangu chomboni. Kipupwe chetu hiki cha kuvalia sweta usiku ni digrii 22! Ni baridi kwako wewe, si kwa jodari.

Alfajiri nikamfuata yule muuzaji. Ananambia nina aleji. Watu sita, koo mbili, aleji moja! Na ile 30,000 niliyojiona mjanja ikazaa teksi mbili, dawa, na mama mkwe ambaye mpaka leo akija kwangu anabeba chakula chake. Anasema ni zawadi.

Kwa hiyo jodari: barafu uione kwa macho yako, uitie mkono, umchukue asubuhi. Huioni, chukua changu au tasi, hawana balaa hili. Usiambiwe "ametoka sasa hivi". Ametoka wapi, na saa ngapi?

Boko boko, ngano iroweke usiku kucha na samli usiionee choyo. Supu watakujibu wengine.

Hiyo arubuni ulitoa kiasi gani? Kama ni chini ya 20,000, muachie.