Mita 60 za ukingo wa mto: zinatuhusu Pemba?

Swali: Assalamu alaykum. Naishi kijijini karibu na Wete. Mto wa bondeni kwetu unamalizwa: viwanja vinakatwa hadi ukingoni, na wengine wanachimba mchanga. Nasikia sheria inakataza kujenga ndani ya mita 60. Tuitumieje?

Jibu: Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Mita 60 zimo katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, nayo ni ya Tanzania Bara. Mazingira si jambo la Muungano. Zanzibar tuna Sheria Namba 3 ya mwaka 2015, inayosimamiwa na ZEMA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar. Mkienda kwa sheha na mita 60, hoja yenu itaanguka hapo hapo.

Wala nisingeanza na kipimo kimoja. Mito ya Pemba ni mifupi, inateremka vilimani na kuingia mabonde ya mpunga. Penye mteremko mkali maji hayapandi mbali. Bondeni, masika ikikolea, yanatanda kote. Basi ingieni bondeni wakati wa masika pamoja na wazee wanaolima humo, mpige vigingi pale maji yanapoishia. Hapo ndipo mpaka wa mto. Mpunga ubaki ndani yake, nyumba na vyoo vitoke. Choo kikae angalau mita 30 kutoka kisima au chemchemi. Ukingoni kabisa acheni matete na miti; mizizi ndiyo inayoshika udongo.

Mchanga unanitia hofu kuliko viwanja. Ukichimbwa mtoni, mkondo unazama na kingo zinabomoka. Mkondo ukizama, maji ya ardhini yanashuka nao, na konde za mpunga zinakauka ilhali mto bado unapita. Karibu na mikoko, maji ya chumvi hupanda juu zaidi. Uchimbaji huu usimamisheni leo, msingoje ramani.

Kuhusu viwanja, ardhi yote Zanzibar ni ya umma kwa Sheria ya Ardhi Namba 12 ya mwaka 1992. Mtu ana haki ya matumizi tu. Karatasi ya mauziano haigeuzi konde kuwa kiwanja. Chorani mpaka wenu, mpitishe kwa sheha hadi halmashauri na Kamisheni ya Ardhi, muombe uingizwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi. Fanyeni kabla msingi wa nyumba haujamwagwa, maana baada ya hapo mtakuwa mnazungumza fidia.