Rubani alikuwa akizungumza na nani?

SWALI: Mhariri, hivi karibuni nilisafiri kwa ndege ndogo hadi kiwanja cha changarawe ndani ya Hifadhi ya Serengeti, nikiwa nimeketi nyuma ya rubani. Kabla ya kutua alizungumza redioni mara nne, na kila mara hakuonekana kungoja jibu. Alikuwa akimwambia nani? – Msomaji, Arusha

JIBU: Alikuwa akimwambia rubani yeyote aliye karibu. Pasipo na mnara wa kuongozea ndege hakuna wa kutoa ruhusa ya kutua wala kuruka, kwa hiyo kila rubani hutumia masafa yaliyokubaliwa kwa eneo hilo, akataja kiwanja, ndege yake, mahali alipo na anachokusudia kufanya. Jina la kiwanja halitajwi kwa mazoea tu: viwanja kadhaa huweza kutumia masafa yale yale, na asiyelitaja humfanya mwenzake aliye mbali atafute angani ndege isiyokuwapo. Tena redio ikiwa kimya haimaanishi anga ni tupu, kwani mwingine huenda amekosea masafa. Ndiyo maana macho ya rubani hayatakiwi kubanduka dirishani.

Hata hivyo, binafsi naliogopa jibu zaidi ya ukimya. Tarehe 19 Novemba 1996, katika kiwanja cha Quincy, Illinois, Marekani, kisichokuwa na mnara, ndege ya abiria aina ya Beechcraft 1900 ilikuwa ikija kutua kwenye njia ya kurukia na kutulia namba 13. Nahodha wake akaiuliza ndege ndogo aina ya King Air iliyokuwa mwanzoni mwa njia namba 4, inayokatana na hiyo, kama itaruka au itasubiri. Aliyejibu ni rubani wa ndege nyingine ndogo, aina ya Cherokee, iliyokuwa nyuma ya King Air, akisema anasubiri. Sehemu ya maneno yake ikafunikwa na sauti ya mtambo wa tahadhari ndani ya ndege ya abiria, uliokuwa ukitaja kimo cha futi 200. Nahodha akadhani amejibiwa na King Air, akashukuru, akatua. King Air nayo ikaanza mbio za kuruka, zikagongana kwenye makutano, na watu wote 14 waliokuwa ndani ya ndege hizo mbili wakafariki.

Wachunguzi waliwalaumu hasa waliokuwa ndani ya King Air kwa kutofuatilia redio na kutoangalia nje ipasavyo. Lakini swali moja fupi, “King Air, ni wewe unayesubiri?”, halikuulizwa.