Sahau mlikoanzia, tazama upepo unakoelekea

Swali la wiki hii lilikuwa hili: watu wawili wako ndani ya mtumbwi katikati ya lagoni ya pwani (maji yaliyokingwa na bahari kuu kwa mwamba au mchanga), kilomita moja na nusu kutoka walipoanzia, na upepo mkali unazuka ghafla. Warudi, wasonge mbele, au wangoje palepale?

Waende kule ambako upepo unawaruhusu kufika wakiwa bado wana nguvu mikononi na mtumbwi haujaingia maji. Huenda ni pale walipoanzia, huenda sipo. Gari na viatu vilivyobaki ufukweni havina kura katika uamuzi huu, ingawa mara nyingi ndivyo vinavyowavuta watu wapige kafi kuelekea upepo mpaka mikono iishe.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Nguvu ya upepo juu ya chombo hukua kwa mraba wa kasi yake: upepo wa kilomita 30 kwa saa unasukuma mara nne ya ule wa kilomita 15. Watu wawili wa kawaida, maji yakiwa shwari, huenda kama kilomita 5 kwa saa. Wakipambana na upepo wa kilomita 35 kwa saa watakuwa na bahati wakibaki na kilomita 1 au 2, na kila wanapopumzika kidogo ili kufuta macho wanarudishwa nyuma walikokwisha kupita. Kilomita moja na nusu inageuka kuwa kazi ya dakika 45 hadi saa moja na nusu, na ni wachache wanaoweza kupiga kafi kwa nguvu zote kwa muda huo.

Kuna pia mawimbi, na hapa ndipo lagoni inapowahadaa watu. Kwa kuwa mawimbi makubwa yanavunjikia nje, kwenye mwamba au ulimi wa mchanga, wengi huamini kwamba ndani hakuna la kuogopa. Upepo huo wa kilomita 35 kwa saa ukivuma juu ya kilomita 2 za maji yaliyo wazi, huinua mawimbi ya sentimita 20 hadi 30, kilele kimoja kikiwa mita 4 au 5 kutoka kingine. Ukiyatazama kutoka ufukweni yanachekesha. Lakini mtumbwi wa watu wawili una urefu wa mita 5 hivi, na ukishapakiwa, ukingo wake wa katikati huwa sentimita 15 hadi 20 tu juu ya maji. Maana yake ni kwamba omo, yaani ncha ya mbele, inapotumbukia kwenye wimbi moja, tezi, yaani ncha ya nyuma, imeinuliwa na jingine, na chombo hakipati nafasi ya kupanda. Wimbi refu la bahari kuu lenye kimo hichohicho lingeupitisha mtumbwi bila hata kuwalowesha. Maji yakiwa na kina cha mita moja tu, mawimbi hukaribiana zaidi na kusimama wima zaidi.

Kabla ya kuchagua pa kwenda, mjue ni upepo gani uliowakuta, kwa sababu jibu la "tungoje" linategemea hilo.

Upepo wa kutoka baharini unaoanza asubuhi ikisonga na kufika kilele alasiri si wa ghafla hata kidogo, ila kwa mtu ambaye hakuutarajia. Nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa yake inapanda, na hewa ya baharini inakuja kuziba nafasi. Upepo huu unaweza kuendelea hadi jua likaribie kutua. Kuungoja upite ndani ya mtumbwi ni kujichosha bure.

Upepo wa wingu la radi ni mwingine kabisa. Hewa baridi inaporomoka kutoka ndani ya wingu, inagonga uso wa maji na kusambaa pande zote, na inaweza kutangulia mvua kwa zaidi ya kilomita 10. Dalili zake ni wingu refu lenye kitako cheusi, upepo uliokuwapo kufifia au kugeuka, ubaridi wa ghafla shingoni, na mstari mweusi juu ya maji unaokuja kwa kasi, nyuma yake povu jeupe. Mkishauona mstari huo mna dakika chache tu. Kishindo chake kikubwa mara nyingi hupita ndani ya dakika 10 hadi 30, kwa hiyo hapa kungoja kuna maana, isipokuwa radi ikiwa karibu. Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo: kila sekunde 3 ni kilomita moja. Hata hivyo ngurumo ikishasikika, mko tayari mahali ambapo radi inaweza kupiga, na hakuna kitu kirefu kuliko nyinyi katikati ya maji.

Wa tatu ndio mjanja zaidi: upepo wa kutoka nchi kavu. Pale mnapoingilia majini miti na vilima vinaukinga, maji yametulia kama mafuta, na mnasukumwa polepole bila kugundua. Mita 500 mbele kinga inakwisha. Mkigeuza omo ndipo mnaujua.

Sasa kazi. Dakika ya kwanza ni ya kupiga magoti, wala si ya kupiga kafi kwa pupa. Magoti yaachane mpaka yagusane na mbavu za mtumbwi, makalio yaegemee ukingo wa kikalio. Hilo peke yake linashusha uzito wenu kwa kiasi ambacho mtaona tofauti mara moja. Vitu vizito vilazwe chini katikati na vifungwe. Kilichosimama wima kilazwe, kofia pana ivuliwe. Chombo cha kufulia maji, yaani cha kuyachota na kuyamwaga nje, kiwe kimefungwa kwa kamba fupi karibu na mkono wa anayekaa tezi. Jaketi okozi livaliwe sasa na mikanda yake ikazwe, maana kulivaa ukiwa ndani ya maji yenye mawimbi ni kazi ngumu ambayo wengi hushindwa.

Jambo ambalo wazoefu hulifanya bila kulisema ni kusogeza uzito. Ncha nyepesi ya mtumbwi ndiyo inayopeperushwa. Mkielekea upepo, sogezeni mzigo kidogo mbele, ili omo ishike maji na tezi ifuate kama bendera. Mkienda na upepo, sogezeni nyuma kidogo. Kidogo maana yake ni begi moja au mtu kusogea sentimita 20, kwa sababu omo ikizidiwa uzito itachimba kila wimbi.

Pa kwenda, basi. Ufuko wa joshini, ule unakotoka upepo, ukiwa ndani ya mita 300 au 400, nendeni huko: kila mita mnayopiga inawaingiza kwenye maji yaliyotulia zaidi. Ukiwa mbali kuliko hapo, tazameni ufuko wa demani, unakoelekea upepo, na mjiulize mambo matatu. Je, huko ni mlango wa lagoni? Je, kuna mawe, ukuta wa saruji au mizizi ya mikoko yenye chaza? Je, ni tope la kuzama hadi kiunoni? Majibu yakiwa hapana mara tatu, acheni upepo uwapeleke. Jibu moja likiwa ndiyo, tafuteni kisiwa, rasi au kona ya mikoko iliyo ubavuni, na mwende kwa mshazari.

Mshazari ndio ufundi unaofaa kuliko wote na ndio usiofundishwa vya kutosha. Omo inaelekezwa upande wa upepo lakini haiukabili moja kwa moja, kwa pembe ya nyuzi 30 hadi 45. Upepo unawarudisha, kafi zinawapeleka mbele, na jumla yake mnateleza kwenda pembeni bila kuanika ubavu wa mtumbwi kwa mawimbi. Mawimbi nayo yanapandwa kwa bega la omo, kwa hiyo chombo kinapata urefu zaidi wa kujinyanyua. Pembe ikizidi nyuzi 45, omo itasombwa na itakuwa kazi kubwa kuirudisha. Mapigo yawe mafupi na ya haraka, kafi lisiinuliwe juu likakamatwa na upepo, na msibadilishane pande. Kila anapobadilisha upande mtu anakuwa, kwa sekunde moja, hana kafi majini, na kafi lililo majini ndilo linalomshikilia asianguke.

Kwenda na upepo kunaonekana rahisi, nako ndiko watu wanakopindukia. Wimbi linainua tezi, mtumbwi unakimbia, omo inakwama kwenye mgongo wa wimbi la mbele, na tezi inajaribu kuipita. Mtumbwi unageuka ubavu, na wimbi linalofuata linamalizia. Dawa yake ni kupunguza mwendo tezi inapoinuliwa, aliye nyuma akikokota kafi kama usukani, na kupiga kafi mara tu kilele kinapopita chini yenu. Mkianza kugeuka, anayekaa upande wa hatari alaze kafi bapa juu ya maji na aliegemee. Kushika kingo za mtumbwi kwa mikono miwili kunaondoa kafi majini na kupandisha uzito juu. Kila anayeogopa hufanya hivyo, kwa hiyo kubalianeni kabla ya kuondoka kwamba hamtafanya.

Mlango wa lagoni unastahili woga wa pekee. Maji yanapokupwa, lagoni nzima inamwagikia baharini kupitia uwazi huo mmoja, na katika milango mingi myembamba mkondo unazidi kilomita 5 kwa saa, yaani unawashinda hata bila upepo. Nusu ya maji hutoka katika saa ya tatu na ya nne ya kupwa, na wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa wingi kuliko kawaida, hali ni kali zaidi. Upepo wa kutoka baharini ukikutana na mkondo unaotoka, mawimbi ya mlangoni husimama wima na kuvunjika mahali palepale. Upepo wa nchi kavu pamoja na mkondo huohuo haufanyi fujo yoyote, unawatoa tu nje kimyakimya. Msiitegemee ratiba ya maji peke yake: lagoni yenye mlango mwembamba huchelewa, na mkondo unaweza kuendelea kutoka muda mrefu baada ya maji ya nje kufika mwisho wa kupwa. Mlango ukiwa demani na maji yanakupwa, anzeni mshazari mapema, mkiwa bado mbali.

Mkiamua kungoja, ngojeni kwa nanga. Nanga ya kukunja ya kilo 1.5 hadi 2 inatosha kwa mtumbwi. Kamba iwe mara 5 hadi 7 ya kina, kwa hiyo mita 10 zinatosha penye maji ya mita moja na nusu. Ifungwe omo. Ikifungwa ubavuni au tezi, mawimbi yatamwagikia ndani. Mchanga na tope huishika vizuri, majani ya bahari huiachia iteleze. Bila nanga, ndoo ya lita 10 iliyofungwa omo kwa kamba ya mita 8 au 10 itapunguza kusombwa na kuiweka omo ikielekea upepo, mradi kuna nafasi ya kutosha nyuma yenu. Na msisahau kwamba lagoni nyingi ni za kina kifupi. Mara nyingine jibu ni kushuka, kushika kamba ya omo na kutembea, mkiburuta nyayo ili samaki aina ya taa waliojilaza mchangani waondoke kabla hamjawakanyaga. Pimeni kwanza kwa kafi: likidumbukia topeni kwa wepesi, miguu itafuata.

Maji yakiingia, fueni mapema. Sentimita 10 za maji katika mtumbwi wa mita 5 ni lita 150 hadi 200, yaani uzito wa watu wawili au watatu, tena uzito unaokimbilia upande ule ule mtumbwi unakoinamia.

Mkipinduka, aite kila mmoja jina la mwenzake, kisha mshike mtumbwi na msiuachie. Upepo unausomba haraka kuliko mtu anavyoogelea. Kaeni upande wa joshini ili usije ukawabana kwenye jiwe au mzizi. Penye maji ya kiunoni, ulazeni kifudifudi, inueni kwanza omo ili hewa iingie chini, kisha muupindue kwa mara moja. Kukiwa na mtumbwi wa pili, uliopinduka huburutwa kifudifudi juu ya kingo za ule mzima mpaka maji yamwagike, ukageuzwa na kurudishwa majini, na waliomo majini hupanda huku wenzao wameshikilia. Mkiwa peke yenu kwenye kina kirefu, ingieni ndani ya mtumbwi uliojaa, mkae sakafuni na mpige kafi taratibu kuelekea demani. Unakwenda polepole, lakini unakwenda, mradi ni wa mbao au una maboya yake ya ndani. Chombo kikionekana kwa mbali, nyosheni mikono pande zote mbili, muiinue na kuishusha polepole. Mabaharia wa kila nchi wanaijua ishara hiyo.

Mkifika nchi kavu, vuteni mtumbwi juu ya alama ya maji kujaa, uwe kifudifudi na ufungwe kwenye mti, maana mtumbwi mtupu hupeperushwa kwa urahisi. Wapigieni simu wanaowangoja muwaambie mko wapi, watu wasije wakatoka na boti kutafuta waliokwisha kufika. Kama kulikuwa na radi, hesabuni dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho kabla ya kurudi majini.