Crown ni Mark X ya bei ghali tu? Inategemea Crown ipi

Ndugu umeuliza kwa nini wazee hapa Mombasa wanaisifu Toyota Crown huku mafundi wakiguna, na kama si Mark X, Toyota nyingine, iliyopandishwa bei tu. Wazee na mafundi hawazungumzii gari moja. Mpaka ni mwaka 2003.

Crown ilianza Januari 1955, kazi ikiongozwa na mhandisi Kenya Nakamura (naam, jina lake ndilo hilo). Injini lita 1.5, milango ya nyuma ikifunguka kinyume. Marekani ilikopelekwa ikazidiwa na barabara kuu zao, lakini Japani ikawa gari la wakubwa, yaani likatengenezewa anayekaa nyuma. Ndiyo maana springi zake zilikuwa laini vile. Hizo za miaka ya tisini zenye injini za silinda sita za mstari mmoja, 1JZ na 2JZ, nimeziendesha sana. Zibadilishie oili kwa wakati, basi.

Desemba 2003 Toyota wakaanza upya, na kizazi hicho wakakiita Zero Crown: bodi mpya chini mpaka juu, injini za V6, yaani silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V. Mwaka uliofuata Mark X ikatoka na injini zilezile za lita 2.5 na 3.0. Kwa hiyo umepatia nusu. Kwenye Crown unacholipia zaidi ni ukimya na kiti cha nyuma.

Sasa lawama za mafundi. 2.5 na 3.0 hizo hunyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo valvu za kuingizia hewa hazioshwi na petroli. Yangu ya 2.5 ilianza kutetemeka kwenye foleni ya daraja la Nyali, AC ikiwa imewashwa. Koili zikabadilishwa, plagi zikabadilishwa, wapi! Fundi alipofungua manifodi tukakuta valvu zimeganda masizi magumu kama ukoko wa wali. Zikakwanguliwa, gari likatulia. Athlete, yaani Crown ya kimichezo, ya 3.5 ina nozeli za aina mbili, nyingine zikinyunyizia nje ya silinda, hivyo tatizo hilo huipata kwa nadra. Petroli inakunywa, lakini hilo ulilijua.

Uzuri mwingine ni upana. Mpaka kizazi cha 2018 hawakuvuka milimita 1,800 kwa sababu ya njia nyembamba za Japani, na huku mitaani kwetu unashukuru. Urefu kutoka chini ndio mtihani: Athlete yenye rimu kubwa ukishuka kwenye feri Likoni maji yakiwa yamekupwa, bampa la mbele litalia tu.

Kwa sheria ya Kenya inayokataza kuagiza gari lililozidi miaka minane, ya kuagiza leo ni za karibuni, nyingi haibridi. Zile V6 za zamani utazipata kwa mtu anayeuza yake. Ukienda kuiona, mwambie asiiwashe kabla hujafika. Iwashe mwenyewe injini ikiwa baridi, tia AC, weka gia ya D na ukanyage breki, kisha shika usukani usikilize mtetemo.