Paa linalovuja Goma: anza na misumari

Wadogo zangu mnaoanza kushika nyundo hapa Goma, mwenye nyumba akikuita na kukuonyesha ndoo katikati ya sebule, usikimbilie kupanda paani palepale juu ya hiyo ndoo. Maji yakishapenya chini ya bati hushika mbao na kuifuata, yakaanguka mbele ya safari, kwenye kiungo au fundo la mti. Tundu liko upande wa juu wa mteremko, pengine mbali na pale panapodondoka.

Mchana wa jua ingia darini, wenzako wafunge milango na madirisha. Penye tundu utaona mwanga. Chomeka njiti kila unapouona, ili ukipanda juu usianze kutafuta upya. Usipoona mwanga wowote, shuku maungio, pale bati moja linapolalia jingine. Hapo mnahitaji watu wawili: mmoja ndani na chaki, mwingine juu na bido, yaani dumu, la maji. Anza kumwaga chini, karibu na ukingo wa paa, kisha panda polepole. Ukianzia juu, maji yatateremka paa zima na hutajua yameingilia wapi. Na mwaga kwa kikombe. Maji yenyewe mara nyingi yamekuja kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, na mama mwenye nyumba anakutazama.

Sasa misumari. Mara nyingi bati lenyewe ni zima, kilichochoka ni msumari. Jua likipiga, bati hupanuka; usiku likipoa, hujikaza. Mwendo huo wa kila siku huuvuta msumari kidogo kidogo, raba iliyo chini ya kofia inakauka, maji yanapata njia. Ukiugonga tu urudi ndani, utaitwa tena kabla hujamaliza kula hela yake. Ung'oe, ukiweka kipande cha ubao chini ya nyundo ili usibonyeze bati, kisha pigilia mrefu na mnene zaidi wenye raba mpya. Mahali pake ni mgongoni mwa bati, kamwe si bondeni maji yanapopita. Gonga mpaka raba ilale vizuri, basi, acha. Vijana wanapenda lile pigo la mwisho la nguvu. Ndilo linalopasua raba na kubonyeza mgongo, maji yakatuama hapo hapo.

Bati lililoliwa ni habari nyingine. Nyiragongo, volkano yetu, inatoa gesi ya salfa, mvua ikipita ndani ya moshi wake inakuwa na asidi, na asidi hula zinki iliyopakwa juu ya bati. Zinki ikiisha, kutu hushika chuma. Upepo mara nyingi hupeleka moshi magharibi, kwa hiyo kazi ya Rusayo, upande huo wa moshi, usiipigie bei kama ya Birere, mtaa wa mjini. Majivu yakianguka yafagiwe yakiwa bado makavu. Na yale mawe meusi ambayo watu huweka juu ya paa kuzuia upepo, mimi nayashusha yote: chini ya kila jiwe unyevu haukauki na bati limekwanguliwa. Pigilia misumari kwenye mbao nzima, upepo utashindwa.

Kiraka kina sheria moja inayovunjwa kila siku: ukingo wake wa juu uingie chini ya bati lililo juu yake, ukingo wa chini ulalie juu ya bati bovu. Kama tundu liko katikati ya bati, kata kiraka kirefu kifike kwenye kiungo. Kile kipande kidogo kilichogongwa juu juu na kuzungushiwa lami hukauka na kupasuka kiangazi, kisha mvua za Septemba zikirudi, maji yanaingilia juu. Lami naikubali kwa vitundu vya msumari tu, bati likiwa kavu na limesuguliwa kutu.

Ukiwa juu, kanyaga kwenye mistari ya misumari, ndipo mbao ilipo. Asubuhi umande ukiwa bado upo usipande, na angalia nyaya za umeme zilizopita karibu na paa kabla ya kuinua bati refu.

Kabla ya kushuka, fagia vipande vya chuma na vumbi la kutu, kisha geuza bomba la mfereji lisimwage kwenye tangi. Mwambie mama mvua za kwanza aziache zipite chini, maana zinaosha lami na kutu, na maji ya tangi hilo ndiyo anayopikia.